Twiga mmoja, majina mawili ya kisayansi: lipi ni sahihi, na nani huamua?

Mwalimu mmoja wa Biolojia katika shule ya sekondari mkoani Arusha ameniuliza hivi: kitabu anachofundishia kinasema kwamba jina la kisayansi la twiga ni Giraffa camelopardalis, lakini mwanafunzi wake ameleta jarida linalomwita twiga wa Serengeti Giraffa tippelskirchi. Anataka kujua lipi kati ya majina hayo ni sahihi, nani ana mamlaka ya kubadili jina la mnyama, na mwanafunzi akiandika jina la pili katika mtihani asahihishwe vipi.

Mwalimu, nianze na lile litakalokutuliza. Majina yote mawili yanamhusu mnyama yuleyule unayemwona akivuka barabara kule Manyara, na hata hilo linaloonekana jipya limekuwapo tangu mwaka 1898. Kilichobadilika ni maoni ya wanasayansi kuhusu undugu wa twiga wa Tanzania na twiga wengine wa Afrika. Jina la kisayansi hubeba ndani yake dai la undugu, kwa hiyo dai likibadilika, jina nalo hulazimika kulifuata. Vitabu vingi vya shule havilisemi jambo hili; hulitoa jina kama namba ya usajili wa gari, na mwanafunzi anapokutana na jina jingine hudhani kwamba kuna mtu amedanganya.

Hapa pana kazi mbili ambazo ni vyema tuzitenganishe. Kazi ya kwanza ni kuainisha, yaani kuchunguza viumbe na kuamua nani yuko karibu na nani. Hii ni sayansi kamili, yenye ushahidi, makosa na masahihisho. Kazi ya pili ni kulipa kila kundi jina moja litakalotumiwa na watu wote duniani, na hii inafanana zaidi na sheria kuliko sayansi, kwa kuwa ina vifungu, tarehe za kuanza kutumika, na kanuni ya nani alitangulia. Swali lako linagusa zote mbili.

Haja ya kuwa na jina moja si ngumu kuiona. Mti ambao Dar es Salaam huitwa mwarobaini, kwenye pwani ya Kenya wengi huuita mkilifi, na wote hao ni Waswahili wanaoelewana vizuri katika mambo mengine. Kinyume chake, neno paa peke yake, kutegemea mahali, humaanisha wanyama wadogo wa jamii ya swala ambao si wa spishi moja. Kwa jirani na jirani hili halina madhara, lakini likiingia katika dawa, biashara ya mbegu au sheria ya uwindaji huleta hasara. Wasomi wa Ulaya wa zamani walijaribu kulitatua kwa kuandika majina yaliyokuwa maelezo mazima. Mmea mmoja mdogo wa jamii ya mnavu, ambao huota hata katika mashamba yetu, uliandikwa Physalis annua ramosissima, ramis angulosis glabris, foliis dentato-serratis, yaani Physalis wa mwaka mmoja, mwenye matawi mengi sana yenye kona na yasiyo na vinyweleo, na majani yenye meno kama msumeno. Kila ulipogunduliwa mmea unaofanana nao, jina lilibidi lirefushwe ili kuutofautisha.

Carl Linnaeus, Mswidi aliyeishi kati ya mwaka 1707 na 1778, aliufupisha mmea huo kuwa Physalis angulata. Katika kitabu chake cha mimea cha mwaka 1753, na katika toleo la 10 la kitabu chake cha mfumo wa maumbile la mwaka 1758, kila spishi ilipata maneno mawili tu: la kwanza la jenasi, ambalo kiumbe hulishiriki na jamaa zake wa karibu, na la pili la spishi yenyewe. Mpaka leo majina ya mimea huhesabiwa kuanzia kitabu cha 1753, na majina ya wanyama kuanzia toleo la 1758. Jina lililotolewa kabla ya hapo, hata lingekuwa zuri namna gani, halina nguvu ya kisheria.

Ningependa wanafunzi wako waone kwamba maneno hayo mawili yana sarufi, na kwamba Mswahili ana faida hapa kuliko wengine wengi. Kilatini kina makundi matatu ya nomino, na sifa lazima ipatane na nomino yake, kama sisi tusemavyo mti mzuri lakini kiti kizuri. Chukua lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara ambalo sasa hupambia madirisha dunia nzima. Mwaka 1893 lilipewa jina la Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya ofisa wa Kijerumani aliyeitwa Saint Paul. Baadaye, uchunguzi wa vinasaba ulipoonyesha kwamba mmea huo umezaliwa ndani ya jenasi kubwa ya Streptocarpus, ulihamishiwa huko, ukawa Streptocarpus ionanthus. Neno la pili ni lilelile. Mwisho wake umebadilika kwa sababu Saintpaulia ni nomino ya kike na Streptocarpus ni ya kiume. Ni upatanisho wa ngeli tu, na mwanafunzi aliyelelewa katika lugha ya ngeli hahitaji maelezo marefu.

Sasa tumrudie twiga. Linnaeus alipomwandika mwaka 1758 alimwita Cervus camelopardalis, na Cervus ni jenasi ya wanyama wa kaskazini wenye pembe za matawi zinazoanguka na kuota upya kila mwaka. Alimweka mahali palipoonekana kufaa kwa habari zilizokuwapo wakati wake. Wataalamu waliofuata waliona kwamba twiga hana undugu wa karibu kiasi hicho na wanyama hao, wakampa jenasi yake mwenyewe ya Giraffa. Neno la pili lilibaki, na jina la Linnaeus likabaki pia, lakini ndani ya mabano: Giraffa camelopardalis (Linnaeus, 1758). Mabano hayo yana maana mahususi. Humwambia msomaji kwamba mtu huyu ndiye aliyeitaja spishi mara ya kwanza, ila aliiweka katika jenasi nyingine. Ukikuta Giraffa tippelskirchi Matschie, 1898, bila mabano, ujue kwamba Matschie, mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, alimweka katika jenasi ya Giraffa tangu mwanzo, na hajahamishwa.

Mfano unaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi ni wa okapi, ndugu pekee wa twiga aliye hai katika familia yao. Mwaka 1901 mtaalamu wa London, P. L. Sclater, alipata vipande vya ngozi yenye milia kutoka msitu wa Ituri huko Kongo, ambavyo wenyeji walikuwa wamevitengeneza mikanda, na ambavyo vilipelekwa na Harry Johnston, mwakilishi wa serikali ya Uingereza nchini Uganda. Kwa kuitazama milia, Sclater alimwita mnyama huyo Equus johnstoni, yaani alimweka pamoja na punda milia. Katika mwaka huohuo lilifika fuvu, na fuvu lilisema habari tofauti kabisa na ngozi: meno na mifupa ilikuwa ya jamaa wa twiga. Ndipo ikaundwa jenasi ya Okapia, kutokana na jina walilolitumia watu wa msituni wenyewe. Ngozi ya miguu ilifanana na ya punda milia, lakini milia inaweza kujitokeza kwa wanyama wasio na undugu, kwa kuwa inawasaidia katika mazingira yao. Mfanano wa aina hiyo ndio mtego mkubwa wa uainishaji, na kazi yetu nyingi ni kutofautisha sura iliyorithiwa kutoka kwa babu mmoja na sura iliyopatikana kila mmoja kwa njia yake.

Usidhani hayo yalikuwa ya zamani tu. Katika mlima Rungwe na katika msitu wa Ndundulu, mwanzoni mwa karne hii, watafiti wa makundi mawili tofauti, miongoni mwao Watanzania, walimwona kima ambaye Wanyakyusa walikuwa wakimwita kipunji. Mwaka 2005 alitangazwa rasmi kuwa Lophocebus kipunji, kwa kufananishwa na kima wa jenasi hiyo wanaoishi juu ya miti, na utambulisho wake ulitegemea picha, kwa sababu watafiti hawakutaka kumuua mnyama adimu ili kupata kielelezo, yaani mwili au sehemu ya mwili inayohifadhiwa ili iwe rejea ya jina. Baadaye kipunji mmoja alinaswa na kufa katika mtego wa mkulima. Mwili wake ulipochunguzwa, vinasaba vilionyesha kwamba yuko karibu zaidi na nyani kuliko na jenasi aliyowekwa, na mwaka 2006 akapata jenasi mpya ya Rungwecebus. Mara nyingine tena, la kwanza likabadilika na la pili likabaki. Nami hufurahi kwamba neno la Kinyakyusa ndilo lililobaki, kwa kuwa wenyeji walimtambua mnyama huyo kabla ya yeyote kuja na kamera.

Juu ya jenasi kuna ngazi nyingine, ambazo wanafunzi hukariri bila kuambiwa zinatumika kwa nini. Twiga yuko katika himaya ya wanyama, faila ya wenye ugwe wa neva mgongoni, ngeli ya mamalia, oda ya Artiodactyla yenye wanyama wa kwato shufwa, familia ya Giraffidae. Kila ngazi inadai kwamba wote waliomo wana babu mmoja ambaye si babu wa walio nje yake, kama vile tunavyosema ukoo huu na mlango ule. Tangu Mjerumani Willi Hennig alipoieleza kanuni hiyo kwa ukali katika kitabu chake cha mwaka 1950, kundi linalowaacha nje baadhi ya wazao wa babu wa kundi halikubaliki tena kwa wengi wetu. Kanuni hii imeleta matokeo ya kushangaza. Vinasaba vimeonyesha kwamba kiboko ana undugu wa karibu zaidi na nyangumi kuliko na nguruwe, kwa hiyo nyangumi, asiye na kwato wala miguu ya nyuma, yumo ndani ya oda ileile ya twiga. Ngazi zenyewe, yaani kuita kundi hili familia na lile oda, ni makubaliano ya wanadamu. Undugu ulio chini yake si makubaliano.

Nafika sasa kwenye kiini cha swali lako. Je, twiga wote wa Afrika ni spishi moja? Kwa miaka mingi jibu la kawaida lilikuwa ndiyo, spishi moja yenye nususpishi kadhaa zinazotofautishwa kwa mabaka, na twiga wa Tanzania na kusini mwa Kenya akaandikwa kwa maneno matatu, Giraffa camelopardalis tippelskirchi. Kitabu chako kinatokana na maoni hayo. Fasili ya spishi iliyosambazwa na mwanabiolojia Ernst Mayr mwaka 1942 inasema kwamba spishi ni makundi ya viumbe wanaozaliana wao kwa wao katika maumbile na wasiozaliana na makundi mengine ya namna hiyo. Twiga wa aina mbalimbali wanaweza kuzaliana wakifungiwa pamoja katika bustani za wanyama, na hilo liliwafanya wengi waridhike na spishi moja. Lakini maneno ya Mayr yanahusu yanayotokea porini, na porini mambo ni tofauti. Kenya ina twiga wa Kimasai kusini, twiga wa mabaka ya wavu kaskazini, na twiga wa kaskazini upande wa magharibi, bila kuwapo bahari wala jangwa kubwa kati yao. Hata hivyo, utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba makundi haya yamebaki mbalimbali kwa muda mrefu, na damu yao haichanganyiki kiasi ambacho umbali ungeruhusu. Watafiti hao walipendekeza spishi 4. Wengine kabla yao walikuwa wamehesabu 6, wengine 8, na wengine waliendelea kusema 1. Mwezi Agosti mwaka 2025 wataalamu wa twiga wa Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, ambao wengi huujua kwa kifupi cha IUCN, walipima ushahidi wote na kukubali spishi 4: twiga wa kaskazini, wa mabaka ya wavu, wa Kimasai, na wa kusini.

Baada ya sayansi kusema spishi ni 4, sheria ya majina inaingia na kuuliza: nani anabaki na jina la zamani? Jibu halitegemei nani ni wengi zaidi wala nani anajulikana zaidi na watalii. Kila jina la spishi limefungwa kwenye kielelezo au mahali pa asili, na spishi ikigawanywa, jina la kwanza hubaki na kundi lenye kielelezo hicho. Linnaeus aliandika juu ya twiga wa Sennar, katika Sudan ya leo, na wa Ethiopia, kwa hiyo camelopardalis limebaki kwa twiga wa kaskazini, anayepatikana pia Uganda na magharibi mwa Kenya. Wa Kimasai hakubuniwa jina jipya, kwa sababu kanuni ya utangulizi inasema jina la kwanza lililochapishwa kihalali ndilo litumike. Matschie alikuwa amekwisha kulitoa mwaka 1898, kwa ngozi ya twiga jike iliyopatikana karibu na Ziwa Eyasi, si mbali sana na shule yako. Jina hilo lilikaa miongo mingi kama neno la tatu, likisubiri. Naungama kwamba ningependa twiga wa Eyasi angepewa jina la mahali hapo badala ya la Tippelskirch, msafiri wa Kijerumani, lakini kanuni haiulizi kama jina linapendeza, na nikilipima jambo hili kwa utulivu naona ni heri iwe hivyo, kwa maana tukianza kubadili majina kwa kupendezwa hatutafika mwisho.

Mgawanyo huu una uzito nje ya darasa pia. Twiga wote wakihesabiwa pamoja, idadi kubwa ya kusini hufunika upungufu wa mahali pengine. Walipotathminiwa peke yao, twiga wa mabaka ya wavu mwaka 2018 na wa Kimasai mwaka 2019 waliorodheshwa kuwa hatarini kutoweka, na idadi ya wa Kimasai ilikuwa imepungua kwa karibu nusu katika miongo mitatu.

Kuhusu mamlaka, Mwalimu, hakuna mahakama duniani inayohukumu kwamba spishi ni 1 au 4. Mtafiti huchapisha hoja yake, wengine huipima, na hoja yenye nguvu hukubaliwa polepole. Uamuzi wa IUCN unaongoza uhifadhi, na una heshima kubwa, lakini mtaalamu mwenye ushahidi mwingine hakatazwi kuupinga. Mamlaka rasmi yapo juu ya majina tu. Kwa wanyama ipo Tume ya Kimataifa ya majina ya wanyama, iliyoundwa mwaka 1895. Kwa mimea, kuvu na mwani kanuni hurekebishwa katika mkutano wa kimataifa wa wanabotania, ambao kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka 6. Bakteria na virusi vina taratibu zao. Kanuni hizi hazifanani kila mahali. Kwa wanyama unaruhusiwa kurudia neno moja mara mbili, na ndiyo maana twiga wa kusini anaitwa Giraffa giraffa. Kwa mimea ni marufuku. Linnaeus aliuita mwarobaini Melia azadirachta. Ulipopata jenasi yake ya Azadirachta, kanuni ya sasa isingekubali Azadirachta azadirachta, kwa hiyo linatumika jina lililotolewa mwaka 1830, Azadirachta indica.

Mara chache sana kanuni ya utangulizi huwekwa kando kwa kura, na kura moja ya namna hiyo inatuhusu sana sisi wa Afrika. Jina la Acacia lilitokana na migunga ya bara letu. Uchunguzi ulipoonyesha kwamba jenasi hiyo kubwa lazima igawanywe, kwa kanuni ya kawaida jina lingebaki na migunga ya Afrika, na spishi karibu 1,000 za Australia zingepewa jina jingine. Kamati ilipendekeza kinyume chake, ili kupunguza idadi ya majina yatakayobadilika. Katika mkutano wa Vienna mwaka 2005 wengi wa waliopiga kura, asilimia 54.9, walipinga pendekezo hilo, lakini ilihitajika asilimia 60 ili kulikataa, na uamuzi huo ukasimama tena Melbourne mwaka 2011. Tangu hapo mgunga wa savana zetu ni Vachellia tortilis, na ule unaotoa gundi ya biashara ni Senegalia senegal. Ninaelewa hesabu iliyotumika, na bado naona kwamba wanabotania wa Afrika waliopinga walikuwa na haki ya kusikilizwa zaidi. Mkutano wa Madrid wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba sauti zetu zinaweza kufika: uliamua kwamba majina ya mimea yenye neno caffra, lililotokana na neno kafiri na kugeuzwa kuwa tusi dhidi ya Waafrika kusini mwa bara letu, yaandikwe affra.

Kuhusu mtihani, ushauri wangu ni huu. Mwanafunzi aliyeandika Giraffa camelopardalis apewe alama, kwa kuwa ndicho kitabu alichopewa kinasema, na bado wapo wataalamu wanaolitumia jina hilo kwa twiga wote. Aliyeandika Giraffa tippelskirchi kwa twiga wa Serengeti naye apewe alama, na ukiweza umwombe aeleze darasani kwa nini. Unachopaswa kukisahihisha kwa wote wawili ni uandishi: jenasi ianze kwa herufi kubwa, neno la spishi kwa herufi ndogo hata kama limetokana na jina la mtu, yote mawili yapigiwe mstari yanapoandikwa kwa mkono au yalazwe yanapochapishwa, na jenasi ifupishwe kuwa G. pale tu ambapo imekwisha kuandikwa kwa ukamilifu mara moja na hakuna jenasi nyingine ya herufi hiyo ya kuichanganya nayo.